Rigoli Kwanza: Ushauri kwa Wakaaji wa Avenyu za Butembo na Beni

Paa la bati la nyumba ya kawaida, tuseme mita nane kwa kumi, likipigwa na mvua ya milimita 30 linamwaga lita 2,400. Hizo ni bidoni 120 za lita ishirini, kutoka paa moja, kwa mvua ya alasiri moja. Avenyu yenye parseli 40 zilizopangana mteremkoni inatoa karibu lita 100,000, na hapo hatujahesabu maji ya uani, ya njiani na ya kilima chenyewe. Yote yanashuka upande mmoja. Aliyejenga juu anaachana nayo langoni. Aliyejenga chini anayapokea jikoni.

Kwa sababu hiyo ninawashauri wakaaji wote wanaotaka kuunda chama cha avenyu, iwe Butembo au Beni, waanze na rigoli, yaani mtaro wa maji wa kando ya njia. Wasianze na katiba, wala na uchaguzi wa rais na makamu wake, wala na mihuri. Nimeona vyama vingi vikizaliwa na kamati ya watu kumi na wawili na kufa kabla ya kamati hiyo kushika beche hata mara moja. Chama kinachoanza na mtaro kinakuwa na sababu ya kukutana tena, kwa kuwa mtaro hujaa udongo kila msimu. Kinakuwa pia na kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukisoma: mvua ikinyesha, maji yanapita au hayapiti.

Kwanza tujue kazi hii ni ya nani. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa mji na komune utu wa kisheria na bajeti zao. Kartie haina. Shefu wa kartie anawakilisha utawala, anaandikisha watu, anasuluhisha ugomvi, anatoa hati, lakini hana kasha la kununulia hata mfuko mmoja wa sima. Chini yake kuna selile na avenyu, na mahali pengine nyumba kumi, ambazo nazo zinaishi kwa mkono wa wakaaji wenyewe. Barabara kubwa za mjini na mifereji yake mikuu ni mzigo wa Ofisi ya Barabara na Mifereji, ile tunayoijua kwa herufi OVD, pamoja na mji na komune. Tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, viti vya meya na bourgmestre vimekaliwa na maofisa wa polisi na wa jeshi. Na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, Beni imebeba pia ofisi za mkoa. Kazi zimeongezeka mezani kwa wakubwa, na rigoli ya avenyu yenu si ya kwanza kwenye orodha yao.

Hata hivyo msichukue kila kitu. Hapa nina msimamo mkali. Avenyu ifanye kazi ndogo ambayo mikono yake inaiweza, na iidai serikali ile kubwa, kwa barua, kwa picha, kwa tarehe. Mkusanyo wa maji wa avenyu sita unaokatiza barabara ya magari unahitaji fundi aliyesomea, nondo na kalveti za kipimo sahihi. Wakaaji wanapochanga jasho lao kwa kazi ya namna hiyo bila fundi, mvua kubwa ya kwanza huibeba kalveti pamoja na imani ya watu, na ukiitisha mchango mwingine hakuna atakayeitika. Lipeni kodi zenu, tunzeni risiti, na kila barua mnayopeleka komune ipigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Barua tano zenye muhuri, zilizopangwa kwa tarehe, humlazimisha ofisa mpya kuanza pale mwenzake alipoachia.

Sasa mtaro wenyewe. Siku ya kwanza msichimbe. Subirini mvua, halafu watu watatu au wanne watembee na mwavuli na daftari kutoka parseli ya juu kabisa hadi bondeni, waandike maji yanatoka wapi, yanavuka njia wapi, yanasimama wapi, yanakula udongo wapi. Butembo imejengwa juu ya vilima, na maji yake yanashukia mabonde yanayoelekea mto Kimemi na vijito vyake. Kila avenyu ina mwisho wake bondeni, na mwisho huo ndio swali la kwanza. Mtaro unaoishia katikati ya mteremko ndio unaozaa korongo. Maji yaliyokuwa yametawanyika mnayakusanya, mnayapa nguvu, kisha mnayaachia juu ya udongo mtupu. Baada ya misimu miwili hapo pana shimo la kumeza nyumba. Kama hamjui maji yatatua wapi, msikusanye hata tone.

Punguzeni maji kabla hayajafika njiani. Hii ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Kila parseli iweke mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa na pipa au tangi chini yake. Pipa la lita 200 halizuii mafuriko, lakini linampunguzia mama safari kumi za kisimani, na mtu anayefaidika na maji ya paa lake hatoi visingizio. Yanayobaki yaingie kwenye shimo la mawe uani, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Mipaka ya parseli ipandwe majani yanayoshika udongo. Matete na majani ya ng'ombe yanafaa, tena yanalisha mbuzi. Eneo lililo wazi kabisa, lililofagiliwa kila asubuhi mpaka likang'aa, linapendeza macho, lakini linamwaga maji karibu kama bati. Acheni majani kidogo pembeni.

Mkichimba, kila parseli ichukue urefu unaoikabili, na kipimo kipangwe na wote pamoja: upana na kina vianze vidogo juu, kisha viongezeke kadiri mnavyoshuka, kwa sababu wa chini anapitisha maji ya wote. Kosa la kila siku ni mtaro mpana juu na mwembamba chini. Penye mteremko mkali wekeni ngazi za mawe kila baada ya mita chache ili maji yaanguke taratibu badala ya kukimbia. Mifuko iliyojazwa mchanga inaweza kusaidia msimu mmoja wakati mnatafuta mawe. Chukudu, yaani baiskeli za mbao za mizigo, zikileta mawe na mchanga ni mchango kamili; nitarudi kwenye hilo. Mbele ya kila lango pawe na bamba la betoni linaloweza kuinuliwa. Ukifukia rigoli kwa udongo ili pikipiki ipite, au ukiweka bomba dogo lisilopitisha hata chupa ya plastiki, umefunga mtaro wa avenyu nzima.

Kalenda inajulikana. Udongo utolewe mwezi wa pili, kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na mwezi wa saba, kabla ya mvua ndefu zinazoanza Agosti. Udongo uliotolewa usiachwe ukingoni. Utarudi ndani kwa mvua ya kwanza, na salongo yenu, kazi ya pamoja ya majirani, itakuwa imepotea bure.

Penye rigoli ndipo pia mnapokutana na ugomvi wa mipaka. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola. Mkaaji anapewa haki ya kuitumia, na hati inayothibitisha haki hiyo kikamilifu ni sertifika ya uandikishaji. Sehemu ya njia na ya mtaro si ya mtu. Lakini wengi wamesogeza ukuta mpaka ukingoni, na wengine wana karatasi za mauzo tu. Kamati isijifanye mahakama. Isiseme fulani kapora, isivunje ukuta wa mtu, isiamue jiwe la mpaka likae wapi. Ipeleke shauri kwa shefu wa kartie kwa usuluhishi, na likishindikana, kwa huduma ya kadastre na kwa mahakama. Wakati huo mtaro upite mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kuvumilia, na mwandike kwamba kupita hapo hakumnyimi wala hakumpi mtu haki yoyote ya ardhi. Sentensi hiyo moja, ikisainiwa na majirani wawili mbele ya shefu, hufungua kazi iliyokwama mwaka mzima.

Nani ni mwanachama? Ng'ambo, na katika baadhi ya mitaa ya Nairobi, vyama vya namna hii hujengwa juu ya wenye nyumba. Kwetu hilo halifai. Parseli moja ina mwenyewe mbele, wapangaji watatu nyuma, na tangu vita viwafukuze watu vijijini mwa Beni na Lubero, ndugu waliokimbia wamelala sebuleni. Wenye parseli wengine wako Kinshasa, Kampala au Dubai. Mkihesabu wenye hati tu, mtabaki na kikao cha wazee tisa na mtaro usio na mchimbaji. Mwanachama awe kila jiko linalowaka kwenye avenyu, na kila jiko liwe na sauti moja. Mama mpangaji anayejua maji yanaingilia wapi ana la kusema kuliko mwenye nyumba asiyeonekana.

Ila mzigo usigawanywe sawa, na hapa ndipo haki ilipo. Kazi ya mikono, kusafisha, kuzoa takataka, hiyo ni ya anayeishi hapo. Vitu vinavyobaki, yaani sima, mawe, bamba, kalveti, hivyo alipe mwenye parseli, hata kama yuko mbali. Mpangaji anayenunua sima anamwongezea mwingine thamani ya nyumba, na mwaka ujao ataongezewa kodi kwa uzuri alioulipia mwenyewe. Mwandikieni mwenye parseli aliye mbali ujumbe wenye picha na hesabu. Mpangaji akiwa na makubaliano naye, atoe sehemu hiyo na ikatwe kwenye kodi ya nyumba, kwa maandishi. Waliokimbia vita wasidaiwe pesa. Waitwe salongo kama wengine, waandikwe kwenye orodha kama wengine, na wapewe nafasi ya kuzungumza.

Nikifika kwenye pesa naomba msomaji asiruke mstari. Vyama vya avenyu havifi kwa umaskini wa wakaaji; miji hii miwili imejenga shule, makanisa na masoko kwa michango ya watu wake. Vinakufa siku watu wanapoanza kunong'ona kuhusu kasha.

Wengi wetu tunaijua MUSO, kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, na makasha yake ya rangi tatu: la kijani kwa mikopo, jekundu kwa misaada, bluu kwa pesa za kutoka nje. Hekima ya mpango huo ni kwamba pesa ya jambo moja haivuki kwenda kwa jambo lingine. Avenyu ifuate njia hiyo kwa makasha mawili: la kazi na la matanga. Yasichanganywe kamwe. Kifo hakina kalenda, na mtu akilala hakuna mhasibu awezaye kukatalia pesa ya jeneza kwa kusema inasubiri sima. Kasha likiwa moja, litakuwa la matanga daima, na mwezi wa saba rigoli haitakuwa na kitu. Mikopo iacheni kwa MUSO na kwa likelemba, mchango wa zamu. Chama cha avenyu kinachokopesha wanachama wake kinageuza majirani kuwa wadai na wadaiwa, na mdaiwa haji salongo.

Mchango uwe mdogo na wa kudumu. Parseli 40 zikitoa faranga 2,000 kila mwezi ni faranga 80,000, na kwa mwaka ni 960,000. Hazijengi barabara, lakini zinanunua vifaa, zinamlipa fundi wa bamba, na zinawapa watu mazoea. Anayetoa dola aandikwe dola, anayetoa faranga aandikwe faranga, katika safu mbili tofauti. Msigeuze moja kuwa nyingine ndani ya daftari, maana kiwango kinabadilika na ndani ya tofauti hiyo ndogo ndimo mashaka yanamozaliwa. Asiye na pesa atoe chukudu ya mawe au siku ya ziada ya beche, na thamani yake ikubaliwe kabla, mbele ya wote, siyo mlangoni kwake. Mjane mzee mwenye wajukuu asidaiwe chochote, na hilo liandikwe pia, ili lisigeuke kuwa fadhila ya mweka hazina.

Pesa zikae kwenye koopeki (ushirika wa akiba na mikopo) au kwenye simu iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu, na zisitoke bila watu watatu kukubali, mmoja wao mwanamke, na wasiwe wa ukoo mmoja. Baada ya kila salongo, watu wangali na beche mikononi, mweka hazina asome kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Asome kwa Kiswahili, na kwa Kinande pale ambapo wazee wanakitegemea. Risiti zipite mkono kwa mkono. Dakika kumi zinatosha. Kamati inayosema hesabu zitatolewa mwisho wa mwaka inaomba kuaminiwa miezi kumi na miwili bila ushahidi, na hakuna jirani anayedaiwa imani ya namna hiyo.

Na asiyelipa? Msiandike jina lake ukutani, msichukue jembe lake wala kuku wake. Kutoza kwa nguvu ni kazi ya Dola peke yake. Mchango wa jirani ni makubaliano, na anayepora kwa jina la makubaliano ni mporaji. Wawili waende kumwona jioni. Mara nyingi mtakuta ugonjwa, ada ya shule, au kinyongo cha zamani na rais wa avenyu ambacho hakihusiani na mtaro. Salongo nayo ina historia nzito. Wazazi wetu waliijua wakati wa Mobutu kama kazi ya amri, na mpaka leo kuna anayesikia neno hilo akaona polisi. Msiirudishe huko. Iwe na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, iwe na kazi iliyopangwa kabla, na mheshimiwa wa avenyu ashike beche kama wengine.

Chemchemi inahitaji maneno machache. Watu wengi wanachota mabondeni, na chama kinachotunza rigoli ndicho kinachopaswa kuitunza, kwa kuwa maji machafu ya mtaro yakipotea njia yataishia hapo. Wekeni uzio, mchimbe mtaro wa kuzunguka upande wa juu, msiruhusu choo ndani ya mita 30 juu yake, na mlipeni mtunzaji mmoja kitu kidogo. Takataka nazo zisiende Kimemi. Maganda ya ndizi na majani ya sombe yaoze kwenye shimo la parseli yawe mbolea. Plastiki peke yake ndiyo izolewe.

Kuhusu orodha ya majiko, tulijifunza jambo zito wakati wa Ebola. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika maeneo yetu haya, kuanzia Mangina na Beni hadi Katwa na Butembo. Magari ya wageni yalikuja na pesa nyingi na haraka nyingi, na hofu ikajibu kwa mawe na moto. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Ujumbe ulipokelewa vizuri zaidi ulipoletwa na mtu wa avenyu, anayejua nani ni binti wa nani na nani alikwenda kwenye mazishi gani. Kwa hiyo orodha ya majiko ya avenyu, pamoja na idadi ya wanaolala humo, si karatasi ya kutoza michango tu. Iandikwe upya kila miezi mitatu. Ikae kwa katibu na kwa mama mmoja mnayemwamini, isipigwe picha, isizungushwe kwenye simu, kwa sababu nyakati hizi orodha ya majina inaweza pia kuua.

Hilo linanileta kwenye ulinzi, na nasema hasa na ndugu wa Beni, ambao tangu Oktoba 2014 wamezika watu wasiohesabika. Ninaelewa kwa nini kijana anataka kulala njiani na panga. Lakini chama cha rigoli kisigeuzwe kuwa kikosi. Filimbi kwenye kila jiko, taa langoni, namba za simu za shefu na za polisi zinazojulikana kwa kichwa, na makubaliano ya nani anagonga mlango wa nani usiku: hapo ndipo pa kukomea. Mwaka 2014 mjini Beni umati uliwaua watu kwa kushukiwa tu, na hakuna aliyekuwa salama zaidi kesho yake. Mgeni akihamia, rais wa avenyu aende na jirani mmoja kumsalimu, amwandike, amwambie siku ya salongo, na amjulishe kwa shefu kama desturi ya utawala inavyotaka. Kumhoji, kumzuia au kumfukuza si kazi yenu. Na vikao vyenu viarifiwe komune mapema, kwa maandishi, vifanyike mchana.

Karatasi zije mwishoni. Mkutano wa majirani kwa ajili ya mtaro hauhitaji kuwa shirika. Kanuni za kurasa mbili zilizosainiwa na majiko yote, nakala kwa shefu wa kartie na nakala kwa komune, zinatosha kwa miaka mingi. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inahusu mashirika yasiyo ya faida, na utu wa kisheria unatolewa na Waziri wa Sheria. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Ifuateni pale tu mnapotaka kupokea pesa za kutoka nje, kumiliki mtandao wa maji, au kushtaki na kushtakiwa kwa jina la chama. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 na ile ya umeme ya Juni 2014 zimefungua milango kwa wengine zaidi ya mashirika ya Dola, REGIDESO (maji) na SNEL (umeme), na avenyu inayofikiria kujenga robine yake au kujadiliana na kampuni ya umeme itakuwa na nguvu zaidi ikiwa na hati mkononi.

Muhula wa kamati uwe mwaka mmoja, ukirudiwa mara moja tu. Siku ya kukabidhiana, fanyeni hivyo kwenye rigoli, siyo ndani ya nyumba ya mtu: daftari mbili za makasha, orodha ya majiko, barua zenye mihuri, na vifaa vikihesabiwa kimoja kimoja, beche ngapi, koleo ngapi, brueti ngapi na ipi ina tairi bovu. Wa zamani watie sahihi, wapya watie sahihi, na kabla ya kuagana wote watembee pamoja kutoka parseli ya juu hadi bondeni, wapya wakiandika sehemu zinazohitaji mawe kabla ya Agosti.